Kulinganisha faharasa ya utafutaji na hifadhidata yake

Faharasa ya utafutaji ni orodha iliyopangwa ili kompyuta iweze kujibu swali la mtafutaji bila kupekua rekodi moja baada ya nyingine. Hifadhidata ni mahali ambapo rekodi zenyewe hutunzwa: katika kamusi ya mtandaoni, hapo ndipo kilipo kila kitomeo pamoja na kidahizo chake, ngeli yake, maana zake na mifano yake. Mtumiaji huandika neno katika kisanduku cha kutafutia, na jibu analolipata hutoka kwenye faharasa, si kwenye hifadhidata. Neno lililomo katika hifadhidata lakini halimo katika faharasa ni kama kitabu kilichowekwa rafuni bila kuandikiwa kadi katika kabati la maktaba: kipo, ila anayekitafuta hatakifikia.

Madhara ya pengo hilo katika kamusi ni mazito kuliko katika duka la mtandaoni. Mnunuzi asiyepata kiatu huenda duka jingine. Mtumiaji wa kamusi anayeambiwa "Hakuna matokeo" hulifasiri jibu hilo kuwa hukumu juu ya lugha: kwamba neno hilo si la Kiswahili, au si sanifu. Mwalimu hulipigia mstari mwekundu katika insha ya mwanafunzi. Mfasiri hukopa neno la kigeni mahali ambapo la Kiswahili lilikuwapo tangu zamani. Kwa sababu hiyo wahariri wa kamusi hawana budi kujua, kwa kupima na si kwa kudhani, kama faharasa yao inalingana na hifadhidata.

Msamiati wa kazi hii

Neno faharasa ni la ngeli ya i-/zi- (faharasa hii, faharasa hizi). Limetoka katika Kiarabu, ambacho nacho kililipata kutoka Kiajemi. Ndugu yake ni jina la kitabu mashuhuri cha Ibn al-Nadim, Kitab al-Fihrist, orodha ya vitabu na waandishi iliyotungwa Baghdad katika karne ya 10. Umbo la fahirisi limebaki zaidi katika takwimu, kama katika fahirisi za bei, na mfasiri atawaepusha wasomaji na utata akiliacha huko huko. Faharasa isichanganywe na yaliyomo, ambayo hufuata mpangilio wa kitabu. Faharasa hufuata mpangilio wa maneno. Kwa upande wa pili, hifadhidata na kanzidata hutumika kwa maana ile ile. Kanzi ni hazina, na taswira yake ni nzuri, lakini hifadhidata imeenea zaidi. Andiko moja lishike neno moja tu kati ya hayo mawili.

Vitenzi ndivyo vinavyowatatiza wafasiri zaidi. Kulinganisha ni kuweka vitu viwili pamoja ili kuona vinavyofanana na vinavyotofautiana, hakubadilishi chochote. Kusawazisha ni kuondoa tofauti hizo, yaani kurekebisha upande mmoja ufanane na mwingine. Kuhakiki ni kuchunguza ili kujua ukweli wa jambo, na kuthibitisha ni kutamka, baada ya uchunguzi, kwamba jambo ni kweli. Walimu wa fasihi wamezoea uhakiki kwa maana ya kuchambua kazi ya sanaa, lakini mzizi ni ule ule wa haki na hakika, na matumizi ya kikompyuta hayaendi mbali nao. Tofauti kati ya kulinganisha na kusawazisha si ya kimtindo. Kitufe kilichoandikwa "Linganisha" ambacho kwa kweli husawazisha kinaweza kufuta rekodi za mtu aliyetaka kutazama tu.

Kihusishi nacho kina makosa yake. Maandishi mengi ya kiufundi husema "kuhakiki faharasa dhidi ya hifadhidata", kwa kufuata muundo wa Kiingereza. Katika Kiswahili dhidi ya huonyesha upinzani: vita dhidi ya ujinga, mechi dhidi ya wageni. Faharasa haipigani na hifadhidata. Isemwe kulinganisha faharasa na hifadhidata, au kuhakiki faharasa kwa kuilinganisha na hifadhidata.

Kwa nini huachana

Faharasa si nakala ya hifadhidata, bali ni mgeuzo wake. Hifadhidata huenda kutoka rekodi hadi maneno yaliyomo ndani yake. Faharasa huenda kutoka neno hadi rekodi zilizo nalo. Kazi ya kugeuza hufanywa na programu nyingine, mara nyingi katika kompyuta nyingine, na kila mahali ambapo habari hukabidhiwa kutoka programu moja hadi nyingine kuna uwezekano wa kupotea.

Njia ya kawaida ya kupoteza habari ni kuandika mara mbili. Mhariri anapohifadhi kitomeo, programu huandika kwanza katika hifadhidata, kisha katika faharasa. Mtandao ukikatika katikati, hatua ya kwanza imekamilika na ya pili haikufanyika, na hakuna anayeambiwa. Katika Elasticsearch, programu ya utafutaji inayotumika sana na iliyojengwa juu ya Lucene, rekodi zikitumwa kwa mafungu, jibu la jumla linaweza kuonyesha kwamba ombi limepokewa vyema ilhali baadhi ya rekodi ndani ya fungu zimekataliwa. Asiyesoma jibu la kila rekodi hatazijua.

Ufutaji ni tatizo la aina yake. Mifumo mingi husasisha faharasa kwa kuiuliza hifadhidata swali hili: ni rekodi zipi zimebadilika tangu saa fulani? Rekodi iliyofutwa haiwezi kujibu swali hilo, kwa kuwa haipo tena. Hivyo hubaki katika faharasa kama mzuka: hujitokeza katika orodha ya matokeo, na mtumiaji akiibofya hukuta ukurasa mtupu. Mizuka hulalamikiwa upesi kwa sababu huonekana. Kinyume chake, rekodi iliyokosekana haina wa kuilalamikia. Asiyejua kwamba neno lipo hawezi kulalamika kwamba halipatikani.

Kuhesabu, na mahali ambapo kuhesabu hukoma

Kipimo cha kwanza ni idadi. Ikiwa hifadhidata ya kamusi ya mfano ina vitomeo 30,000, faharasa nayo iwe na 30,000. Hesabu hii ni nyepesi na inafaa kufanywa kila siku, lakini namba zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tangu toleo la 7.0, Elasticsearch huhesabu matokeo ya utafutaji kwa usahihi hadi 10,000 tu, isipoagizwa vinginevyo. Anayeuliza kwa njia ya utafutaji wa kawaida ataona 10,000 na kufikiri kwamba theluthi mbili za kamusi zimepotea. Atumie swali mahsusi la kuhesabu. Vivyo hivyo, ikiwa kila maana ya neno imehifadhiwa kama hati ndogo ndani ya hati kubwa, baadhi ya taarifa za Elasticsearch huzihesabu hati hizo ndogo pia, na faharasa huonekana kubwa mara mbili au tatu kuliko hifadhidata.

Hata namba zikilingana, kinachofahamika ni kidogo. Vitomeo 40 vikikosekana na mizuka 40 ikabaki, jumla ni ile ile. Lazima basi kulinganisha vitambulisho vyenyewe, na kufanya hivyo pande zote mbili: vilivyomo katika hifadhidata visivyomo katika faharasa, na vilivyomo katika faharasa visivyomo katika hifadhidata. Kwa kamusi, ambayo ni ndogo kwa vipimo vya kompyuta, orodha zote mbili huchapwa, hupangwa na kulinganishwa kwa muda mfupi. Zipangwe kwa namba ya kitambulisho, si kwa kidahizo. Hifadhidata inaweza kupanga kwa kupuuza ritifaa na herufi kubwa, huku programu ya kulinganisha ikipanga kwa thamani ya kila herufi. Hapo ng'ombe na ngoma hukaa katika nafasi tofauti katika orodha hizo mbili, na ripoti hujaa tofauti ambazo hazipo.

Kitambulisho chenyewe kisiwe neno. Kosa hili hufanywa kwa nia njema, kwa kuwa kidahizo huonekana kuwa ndicho jina la asili la kitomeo. Lakini Kiswahili kina homonimu nyingi. Paa ni mnyama. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Paa ni kwenda juu angani. Paa ni kuondoa magamba ya samaki. Katika hifadhidata hivyo ni vitomeo vinne. Faharasa inayotambua rekodi kwa neno huandika cha kwanza, kisha huandika cha pili juu yake, na mwishowe hubaki na kimoja: kile kilichofika mwisho. Mwanafunzi anayesoma habari za mvuvi anayepaa samaki huambiwa kwamba samaki amekuwa swala, au ameruka.

Yaliyomo ndani ya rekodi

Kitambulisho kikiwapo pande zote mbili, bado haijajulikana kama kinachotambulishwa ni kile kile. Kitomeo kilichohaririwa mwezi uliopita kinaweza kuwa na fasili mpya katika hifadhidata na ya zamani katika faharasa. Njia rahisi ya kukagua ni namba ya toleo: kila uhariri huongeza moja, na namba hiyo hupelekwa kwenye faharasa pamoja na rekodi. Njia kali zaidi ni alama ya vidole ya maandishi, yaani mfuatano mfupi unaotokana na hesabu iliyopigwa juu ya maandishi yote ya rekodi. Hesabu iitwayo SHA-256, kwa mfano, hutoa tarakimu na herufi 64, na nukta moja ikiongezwa katika fasili, mfuatano wote hubadilika.

Masharti ni mawili. Kwanza, hesabu ipigwe juu ya umbo moja: mpangilio ule ule wa sehemu za rekodi, nafasi zile zile, usimbaji ule ule wa herufi. Pili, alama ya upande wa faharasa itokane na maandishi yaliyomo katika faharasa wakati wa ukaguzi. Alama iliyokokotolewa katika hifadhidata na kusafirishwa pamoja na rekodi huonyesha tu kile ambacho faharasa ilikusudiwa kupokea. Kuilinganisha na asili yake ni sawa na kumwuliza mtu mmoja swali moja mara mbili na kuwahesabu mashahidi wawili.

Pale ambapo rekodi zote zinalingana na neno halipatikani

Ukaguzi wa aina nyingi huishia hapo, na kwa Kiswahili hapo hapatoshi. Elasticsearch huweka pamoja na faharasa nakala ya rekodi kama ilivyopokewa. Ukaguzi wa alama za vidole husoma nakala hiyo. Mtafutaji hatafuti ndani ya nakala. Hutafuta ndani ya maneno yaliyotolewa kwenye rekodi na kichanganuzi, yaani ile sehemu ya programu inayokata sentensi kuwa maneno na kuyapa umbo la kutafutika. Kanuni za kichanganuzi zikibadilishwa leo, rekodi zilizoingizwa jana hubaki na maneno yaliyokatwa kwa kanuni za jana hadi zitakapoingizwa upya. Nakala ni safi, vitambulisho vyote vipo, alama zote zinalingana, na mtafutaji haoni kitu.

Kipimo kinachogundua hali hiyo ni kuitumia faharasa kama anavyoitumia mtafutaji. Kila kidahizo kilichomo katika hifadhidata huandikwa katika kisanduku, na kitomeo chake lazima kiwe miongoni mwa matokeo ya kwanza. Maswali 30,000 kwa mashine si mengi. Vidahizo vinavyoshindwa kujipata vyenyewe ndivyo orodha ya kwanza ya kazi.

Hata hivyo, kidahizo peke yake hakiwakilishi kile ambacho watu huandika. Kamusi za Kiswahili huorodhesha vitenzi bila kiambishi ku-, ilhali mwanafunzi anayeanza huandika kusoma. Mtu aliyekutana na nyuzi, meno au kuta katika hadithi huandika hayo hayo, wala hatarajiwi kujua kwanza kwamba atafute uzi, jino na ukuta. PostgreSQL, hifadhidata yenye utafutaji wa maandishi ndani yake, huja na kanuni za lugha kadhaa na Kiswahili hakimo. Hutumika kanuni sahili, ambayo hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuishia hapo. Ujuzi wa mofolojia lazima uongezwe na wahariri wenyewe.

Kuuongeza kwa kanuni fupi ni hatari. Kanuni ya kuondoa ku- mwanzoni mwa kila neno humfanya kusoma kuwa soma, vyema. Lakini kufuli huwa fuli, kuku hubaki na silabi moja, na kumbuka huwa mbuka. Ikiwa kanuni hiyo hutumika pande zote mbili, wakati wa kuingiza na wakati wa kutafuta, kufuli bado itapatikana, kwa kuwa pande zote zimekosea kwa namna moja. Ikiongezwa upande wa mtafutaji tu, kila neno linaloanza na ku- litapotea siku hiyo hiyo, na ukaguzi wa rekodi hautaona lolote. Njia salama zaidi ni kuhifadhi maumbo yote mawili katika faharasa: kitomeo cha -soma kiandikiwe soma na kusoma, kitomeo cha jino kiandikiwe jino na meno. Vitenzi vya silabi moja kama -la, -fa na -nywa vihitaji uangalizi wa ziada, kwa sababu wachanganuzi wengi hutupa kistari cha mwanzo, na -la ya kula chakula hujikuta pamoja na la ya kukanusha na la ya umilikaji katika jina la mtoto.

Mpangilio wa vitomeo nao una athari. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1939, majina mengi yatokanayo na vitenzi yaliwekwa chini ya vitenzi hivyo, wala hayakuwa na mahali pake penyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliweka nomino kwa umbo lake la umoja, kiambishi kikiwamo, na ndivyo wasomaji walivyozoea leo. Hifadhidata inayotokana na kamusi ya mpangilio wa kwanza ina rekodi moja yenye kitenzi, minyambuliko yake na nomino zake. Ukaguzi wa rekodi utahesabu moja upande huu na moja upande ule, na kuridhika, hata kama faharasa imesoma kidahizo tu na kuyaacha msomi, somo na usomaji gizani. Kwa hiyo orodha ya maneno ya kujaribia itokane na kila sehemu ya rekodi inayobeba neno: kidahizo, wingi, minyambuliko, maneno ya ndani, na methali zikiwamo.

Ritifaa

Hakuna mahali ambapo faharasa za Kiswahili huvunjika mara nyingi kama kwenye ng'. Kwa macho ya msomaji alama hiyo ni moja. Kwa kompyuta inaweza kuwa ritifaa iliyonyooka ya taipureta (U+0027), alama ya kufunga nukuu iliyopinda (U+2019), alama ya kufungua nukuu (U+2018), ritifaa ihesabiwayo kuwa herufi (U+02BC), au hata mkwaju mdogo ulio pembeni mwa kibodi (U+0060). Simu nyingi hugeuza ya kwanza kuwa ya pili zenyewe bila kumwuliza mwandishi. Kanuni za Unicode za kutenga maneno huiacha ng'ombe ikiwa neno moja kwa alama nne za kwanza, lakini huikata kuwa ng na ombe kwa ile ya mwisho. Wala usanifishaji wa kawaida wa Unicode haugeuzi U+2019 kuwa U+0027. Anayetegemea hatua hiyo pekee atakuwa na ng'ombe wawili wasiojuana.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kung'atuka, neno lililosikika kote Tanzania mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoacha urais, linaweza kupatikana kwa anayeandika kwenye kompyuta ya ofisini na likakosekana kwa anayeandika kwenye simu, katika kamusi ile ile na siku ile ile. Wawili hao wakibishana kama neno limo katika kamusi, kila mmoja ana ushahidi.

Tiba ni kuzirudisha alama zote kwenye moja, kabla ya kuingiza na kabla ya kutafuta, na kuzijaribu zote tano katika ukaguzi. Kuifuta ritifaa kabisa ni jambo jingine. Wengi huandika ngombe, na ni vyema wamkute ng'ombe. Lakini ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia ardhini au mahali pengine, na ngoa ni wivu au tamaa. Umbo lisilo na ritifaa liwekwe katika faharasa kama njia ya pili, likiorodheshwa chini ya umbo kamili, ili anayetafuta ngoa asiletewe magugu kwanza.

Zana zilizopo

SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu takriban zote za kisasa, ina sehemu ya utafutaji iitwayo FTS5 yenye amri yake ya kujikagua, integrity-check. Faharasa ikiwa imetegemezwa kwenye jedwali la nje, amri hiyo ikitolewa peke yake hukagua muundo wa ndani wa faharasa tu. Ili ilinganishe na jedwali lenyewe, lazima ipewe thamani ya 1 katika safu ya rank. Mwandishi wa programu ya kamusi asiyejua hilo atapata jibu la kwamba mambo ni shwari na asitambue kwamba swali lake lilikuwa jingine. Amri ya rebuild hujenga faharasa upya kutoka kwenye jedwali.

Wikipedia ya Kiswahili na Wikamusi hutumia programu ya utafutaji ya CirrusSearch, ambayo ina mkaguzi aitwaye Saneitizer. Huyu hupita kurasa zote kwa mzunguko, kidogo kidogo, akitafuta kurasa zisizomo katika faharasa, kurasa mzuka zilizofutwa lakini bado zimo, kurasa zilizowekwa katika faharasa isiyo yake, na matoleo yaliyopitwa na wakati. Akikuta dosari huagiza ukurasa husika uingizwe upya au uondolewe. Kinachofaa kuigwa ni mwendo wake: hangoji malalamiko, wala hasimamishi kazi ya wahariri ili akague.

Kutosimamisha kazi kuna gharama yake. Kitomeo kinachohaririwa wakati wa ukaguzi kitaonekana kuwa na tofauti ambayo sekunde chache baadaye haipo. Elasticsearch yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, huonyesha mabadiliko mapya kwa watafutaji mara moja kila sekunde 1, si papo hapo. Tofauti yoyote basi ikaguliwe tena baada ya muda kidogo, na ile tu inayoonekana mara zote mbili iandikwe katika ripoti. Ripoti itenganishe sababu: waliokosekana, mizuka, waliopitwa na wakati, na wasiopatikana ingawa wamo. Aina tatu za kwanza hutibiwa kwa kuingiza upya rekodi husika au kuziondoa. Ya nne kwa kawaida hudai kanuni za kichanganuzi zirekebishwe na faharasa nzima ijengwe upya kando ya ile ya zamani, kisha watafutaji wahamishiwe kwenye mpya ikishapita mtihani wa vidahizo.

Maneno ya skrini

Mfasiri wa kamusi ya mtandaoni hana mamlaka juu ya faharasa, ila anayo juu ya sentensi inayotokea inaposhindwa. "Neno hili halipo" ni dai kuhusu lugha au kuhusu kamusi, na programu haina ushahidi wa kulitoa. "Neno hili halikupatikana" ni taarifa ya utafutaji mmoja uliokwisha. "Neno hili halijapatikana", kwa kiambishi -ja- chenye kuacha mlango wazi, hufaa pale ambapo kamusi inampa mtumiaji nafasi ya kujaribu umbo jingine au kuwaandikia wahariri. "Hakuna matokeo", ambalo ndilo lililoenea, ni fupi na linaingia vizuri katika skrini ya simu. Likitumika, lifuatwe na mstari unaomwambia mtumiaji ajaribu umoja wa nomino au shina la kitenzi, na ahakikishe jinsi ritifaa ilivyoandikwa.